Nyama Iliyoonwa

Metito wa Kisaju hakuwahi kula nyama iliyoonwa na mke wake Resian, na Resian ndiye aliyempikia kila kitu kingine kwa miaka ishirini na miwili.

Haikuwa dharau. Ilikuwa sheria ya rika lake, Iltarakwai, watu wa mtarakwa, mti usiooza. Walipokuwa morani waliapa kwamba hawataomba chakula, hawatakula peke yao, na nyama iliyoangukiwa na jicho la mwanamke aliyeolewa itakuwa kwao kama udongo. Sheria hiyo ilikuwa na mwisho wake. Rika likikomaa, siku moja ilitengwa, dume likachinjwa, na kila mke akamlisha mumewe kipande kwa mkono wake mwenyewe. Kuanzia hapo mwanamume alikula kwake kama watu wengine.

Siku ya Iltarakwai ilikuwa Agosti 1994. Metito alikuwa mlinzi wa godauni Kitengela, na tajiri wake akamwambia sherehe za porini zingoje mwisho wa mwezi. Alipofika nyumbani, siku moja baada ya sherehe, alikuta majivu ya moto tu. Resian alikuwa ameketi siku nzima na shanga zake za harusi, mkono mtupu, akitazama wenzake wakilisha waume zao.

Wazee walisema atafanyiwa yake, mradi dume litoke zizini kwake na wanarika wanne wawepo.

"Mwaka ujao," Metito akasema.

Lakini wanarika waliuza mashamba mmoja mmoja. Wengine walihamia Rombo, wengine wakazikwa. Kiangazi cha 2000 kikachukua ng'ombe wote, na wa mwisho alikuwa lile dume lililowekwa kwa siku hiyo. Lilikufa likiegemea ua.

Baada ya mvua, Metito akaanza kukohoa. Kliniki walimpa dawa za miezi minane, na nesi akamwambia Resian waziwazi, "Mama, hizi dawa bila nyama na supu zitamla yeye."

Maziwa hayakuwapo tena. Metito alikunywa chai ya rangi, akala maharagwe mawili matatu, akasukuma sahani. Apondi, mpangaji wa jirani, mwenye mdomo mwepesi na roho nzuri, alikuja na sufuria ya nyama akarudi nayo.

"Mama Florence," akamwambia Resian, akimwita kwa jina la bintiye, "kwetu mzee akikataa chakula, tunajua amekula kwingine."

"Huyu wangu hajala kwingine," Resian akasema. "Angekula kwingine ningefurahi."

Akapanda gari mpaka Isinya kumtafuta Moses, mwanarika wa mwisho aliyebaki karibu. Moses aliuza shamba lake zamani, sasa alikata maua kwenye shamba la wengine, na alikuwa ameokoka. Zamani angemwita Resian "mke wetu," kama wanarika walivyowaita wake wa wenzao.

"Takwenya, dada," akamsalimu.

"Iko," Resian akajibu, kisha akamweleza.

"Hayo mambo niliyaacha, dada."

"Sikuombi uyarudie. Niko na mgonjwa. Nakuomba uchome nyama, ule naye."

"Kula tu?"

"Kula tu."

Jumamosi Resian alikwenda kwa Ndung'u wa bucha, akasimama akiipa meza mgongo.

"Mama, si uangalie mizani?"

"Wewe pima. Nikigeuka nimeharibu."

"Na nikikufungia mifupa mitupu?"

"Utakuwa umemnyima mgonjwa, si mimi."

Ndung'u hakutania tena. Alifunga mbavu kwa magazeti, tabaka juu ya tabaka, na Resian akazibeba mpaka nyumbani kama anayebeba yai la mtu. Akamkabidhi Moses, akaingia ndani, akakaa na uso ukutani akichambua maharagwe.

Alisikia moto. Alisikia harufu, harufu haikukatazwa. Kisha akasikia Metito akicheka, kicheko ambacho hakukisikia tangu kiangazi, na vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Kisu kikagonga mfupa. Kikanyamaza.

"Dada Resian," Moses akaita. "Hebu njoo hapa."

Akadhani Metito ameanguka. Akakimbia.

Sahani ilikuwa juu ya kigoda, wazi. Metito alishika ubavu karibu na midomo. Moses amesimama, kofia mkononi, macho yamefumbwa, kwa maana kanisani kwao chakula hakibarikiwi mpaka nyumba nzima isimame pamoja.

Resian akafumba macho.

"Umeona?" Metito akauliza.

Angeweza kusema hapana. Pengine Metito alitaka aseme hapana. Aliuliza polepole sana. Lakini huyu ni mwanamume ambaye hajamdanganya hata siku moja, na akidanganywa atakula udongo bila kujua.

"Nimeona," akasema.

Metito akarudisha ubavu kwenye sahani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Ndugu yangu," Moses akasema, "mimi ni mwanarika wako. Nakufungulia."

"Mmoja hafungui. Na wewe ulisema umetoka." Metito akapangusa vidole. "Kula wewe, isiharibike."

"Nile peke yangu?" Moses akauliza, kisha akajisikia alichosema. Akaketi chini, akajifunika uso kwa kofia. Nyama ikapoa katikati yao, hakuna aliyeigusa, mpaka mbwa wa Apondi akaja.

Metito hakumlaumu mkewe, na hakula zaidi ya uji. Wiki ya tano waliomwinua kumwosha walisema ni mwepesi kama ngozi kavu.

Siku ya mazishi watu wa kanisa la Moses walileta dume, wakapika kwenye sufuria kubwa. Wanawake wakapakua, wanaume wakala, Iltarakwai wawili waliotoka Rombo nao wakala. Apondi akamletea Resian sahani, akamketisha.

"Kula, Mama Florence. Tangu jana hujaonja kitu."

Resian akachukua kipande kimoja kwa mkono wa kulia, ule uliongoja kumlisha Metito tangu Agosti ile. Akakishika mbele yake, akakitazama sana, mpaka mafuta yakaganda kwenye vidole.