Maji ya Josho

Wanawake waliopandikiza mpunga kwenye majaruba ya chini ya bwawa, kule upande wa Choma, walikuwa wengi, lakini mwenye mkono mwepesi kuliko wote alikuwa Bernadeta. Kazi hiyo aliianza akiwa binti, akimfuata mama yake nyuma nyuma na fungu la miche kwapani. Alipokuwa mtu mzima wenye majaruba ndio waliomfuata nyumbani kumbembeleza, maana yeye akikubali kazi, kundi zima la akina mama limekubali.

Tena alikuwa mtu wa kinyaa. Kikombe alichonywea mwingine hakigusi mpaka akisugue kwa majivu. Wenzake walimcheka: inakuwaje mwanamke wa namna hiyo anashinda kwenye tope hadi magotini? Naye huwajibu kwamba tope la mpunga si uchafu, ni udongo na maji tu, na mvua.

Msimu huo tope lilibadilika. Juu ya maji kulitanda utando wenye rangi rangi kama mafuta ya gari, na ukikanyaga, chini hupanda harufu ya kitu kilichooza kikachanganywa na dawa kali ya kuua wadudu. Vyura walielea matumbo juu, wamevimba. Wanawake wakaanza kujikuna katikati ya vidole, kisha yakatoka malengelenge, kisha ngozi ikawa inabambuka vipande vipande, nyeupe, laini, kama ngozi ya maiti aliyeopolewa majini.

Adhuhuri moja walitoka kula. Siwema, jirani yake Bernadeta, aliinama kunawa miguu mferejini, akasugua kidole gumba, na ukucha wote ukabaki mkononi mwake.

"Shoga, hebu ona," alisema kwa sauti ndogo, akiunyoosha kama anayeonyesha punje ya mahindi.

Bernadeta alikuwa ameshatia tonge mdomoni. Alitazama ule ukucha, akatazama vidole vyake mwenyewe ambavyo ndivyo alivyolia chakula, akatapika palepale kwenye tuta.

Octavian, mwenye jaruba, alikuwa amesimama pembeni amevaa gambuti zilizomfika magotini. "Fangasi tu hizo," alisema. "Pakeni mafuta ya taa, mtapona. Haya, jua linakwenda."

Bernadeta alifuta mdomo kwa upindo wa khanga, akauacha mzigo wa miche ulipo, akaanza kupanda na mfereji kuelekea ulikotoka. Alitaka kuijua ile harufu inazaliwa wapi. Akapita banio, pale maji ya bwawa yanapofunguliwa kuingia mferejini, akafuata ukingo wa bwawa, ambako povu la rangi ya chai lilikuwa limeganda kwenye majani, mpaka akalifikia korongo linaloleta maji bwawani. Hapo harufu ilimpiga usoni akasimama.

Juu ya korongo kulikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe. Vijana wawili walikuwa wanachota maji ya josho kwa ndoo na kuyamwaga korongoni. Maji yenyewe yalikuwa meusi, mazito, yamejaa mavi na manyoya, na kupe waliofura wakielea kama kunde zilizochemshwa. Aliyesimama akiwasimamia alikuwa Damas, kaka yake wa tumbo moja, mwenyekiti wa kamati ya josho.

"Kaka, hayo maji yanakwenda wapi?"

"Hata shikamoo hakuna leo?"

"Nimeuliza yanakwenda wapi."

"Chini. Maji yanakwenda wapi tena?" Damas alicheka. "Tunabadilisha dawa. Hii imekwisha nguvu, kupe hawafi. Mwaka huu ni mara ya tatu."

"Kupe hawafi, ila kucha za Siwema zinang'oka."

"Acha maneno, Bernadeta. Bwawa lote lile, ndoo hizi ni nini? Mbona kila mwaka tunamwaga hapahapa na hamjafa?"

Kila mwaka! Bernadeta aliyakumbuka maji yote aliyonawia uso mle bwawani, na aliyomwogeshea mwanawe Gaudensia akiwa mchanga.

"Na wewe kwako mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Si nimechimba nyumbani, kule juu?" alisema bila haya yoyote. Kisha akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoa kiazi cha kuchemsha mfukoni, akakimenya na kuanza kula, harufu ile ile imewazunguka. Bernadeta alimtazama anavyotafuna. Walinyonya titi moja, wamelala mkeka mmoja, na saa ile hakutamani hata kivuli chake kimguse.

Usiku hakupika. Alipita nyumba kwa nyumba, akiwaambia wenzake alichokiona korongoni.

Kulipokucha wanawake walifika majarubani kama kawaida, wakakaa kwenye tuta, miguu mikavu. Hakuna aliyeingia. Octavian alifoka, kisha akabembeleza, kisha akapandisha ujira. Wawili watatu wakaanza kukunja khanga, lakini Siwema akanyoosha mguu wake mbele yao, nao wakakaa tena. Siku zilizofuata Octavian akaleta vibarua wa kijiji kingine kwa Fuso. Wale walishuka wakiimba, wakanusa, wakauona ule mguu, wakapanda gari lao bila kuimba.

Miche ikazidi kuzeeka kitaluni, ikageuka manjano. Ndipo wenye majaruba wakaungana wakamwendea Damas kwa hasira, na ndani ya wiki hiyo shimo likachimbwa mbali na korongo, ingawa kulikuwa na mwamba wa kupasua.

Octavian mwenyewe ndiye aliyepeleka habari. "Mama Gaudensia, tumelimaliza. Shimo lipo. Waambie wenzako warudi."

"Miguu yetu mliiona siku nyingi," Bernadeta alisema. "Mmechimba kwa ajili ya miche."

"Si mlitaka shimo? Shimo hilo."

"Na tope lililoko majarubani? Nalo mmelichimbia shimo?"

Octavian alitazama simu yake, akasema ana haraka.

Wenzake Bernadeta walirudi kazini. Hakuwalaumu, watoto hawangoji udongo upone. Siwema naye alirudi, kidole amekifunga kwa mfuko wa nailoni. Bernadeta hakurudi. Alilima mihogo na karanga kwenye kishamba cha juu, udongo mkavu wa kichanga, na kila jioni alikagua vidole vyake kimoja kimoja.

Mavuno ya majaruba ya chini yakawa mazuri ajabu. Magunia yalipakiwa kupelekwa mjini Tabora, na Octavian, labda kwa kujikosha, akamletea Bernadeta debe la mchele. Yeye akataka kulimwaga. Mumewe Emilian akamshika mkono.

"Umwage chakula? Una akili wewe?"

"Si chakula hicho, baba Gaudensia."

Emilian aliupika mwenyewe, akatia na mafuta ya karanga, akapakua. Bernadeta alitoka akakaa nje na mwanawe, amempa muhogo wa kuchoma. Harufu ya wali ikawafuata mpaka uani, nayo ilikuwa tamu, mpaka Gaudensia akauweka muhogo chini, akageuza uso kuelekea jikoni.