Chungu cha Pembeni

Mwaka ule ilikuwa vigumu kutenganisha mlio wa kinu na mlio wa mizinga. Asubuhi wanawake walipotwanga makopa ya muhogo, mchanga wa Newala ulitetema chini ya nyayo zetu. Kisha walipopumzisha michi ili wafute jasho, tulihisi mchanga ukiendelea kutetema wenyewe. Hapo ndipo tulipojua kwamba vita vya Wareno ng'ambo ya Ruvuma vimeamka mapema siku hiyo. Mama yangu alikuwa na desturi ya kuuacha mchi hewani, shingo ameipinda upande mmoja, akisikiliza. Akiridhika kwamba mlio uko mbali aliushusha, unga ukaruka, na sisi watoto tukarudi kwenye michezo yetu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mama alisikiliza namna ileile alipokuwa akinitazama nikila. Mkono wake ulisimama hewani, macho yake kwenye midomo yangu, mpaka aone nimemeza na ninapumua.

Mimi nilizaliwa na mwili mkorofi. Nilipoonjeshwa yai nikiwa mdogo, ngozi yote iliota mabaka kama mtu aliyepita kwenye upupu. Nilipolambishwa mchuzi wa samaki, midomo ilivimba na sauti ikakauka. Siku moja kwenye karamu ya kuwatoa wari unyagoni nilipewa kipande cha nyama ya mbuzi, na kabla ya ngoma kukoma nilikuwa nimelazwa kivulini, nimetapika mpaka macho yamepinduka. Mama hakungoja mtu ampe jina la ugonjwa huo. Alinunua chungu kidogo, akakiweka pembeni ya mafiga, na tangu siku hiyo hakikuguswa na samaki, nyama wala yai. Baada ya muda aliona ni kazi bure kupika mara mbili, akaanza kula nilichokula mimi. Baba yangu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na siri yetu ilikaa salama katikati ya mikorosho yetu, mbali na jirani yeyote.

Kisha tukahamishiwa kijijini. Amri ilikuja wakati wa kiangazi kwamba watu wote waache makao ya porini, wajenge pamoja kando ya barabara. Tulibeba milango, vinu, kuku na vyungu, tukaenda kuishi kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, kila mlango ukitazama mlango mwingine. Mlinzi wetu huko alikuwa Mjomba, kaka yake mama. Kwa desturi yetu Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba juu ya mtoto ni zito kuliko la baba aliye mbali. Mjomba wangu alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye chale za zamani mashavuni na baiskeli aliyoipenda kama mtoto. Kijiji kilikuwa kimemchagua awe kiongozi wa nyumba kumi, na cheo hicho alikivaa kwa uangalifu, kama mtu aliyeazimwa koti la thamani.

Katika mistari ile hakuna moshi uliopanda bila kujulikana umetoka kwa nani. Haukupita muda watu wakaanza kusema kwamba Mama Somoe, yaani mama yangu, ana chungu cha siri. Wengine walisema ananifundisha kubagua chakula cha wenzangu. Wengine, kwa sauti za chini zaidi, walisema mtoto asiyekula nyama ya mchana huenda anaila usiku. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa hatari. Wakati wa vita na njaa watu hutafuta adui aliye karibu, maana yule wa mbali hawamfikii. Mama aliyasikia kisimani, baada ya mwendo mrefu wa kushuka mteremko, akapanda nayo, ndoo ikiwa kichwani. Niliona tu kwamba chungu kile sasa amekifunika kwa ungo.

Siku ya kusafisha shamba la kijiji kwa ajili ya mvua, kila mtu alitakiwa kuja na jembe lake, na chakula kilipikwa pamoja. Sufuria kubwa ya ugali wa unga wa njano, tuliouita yanga, ilikaa bega kwa bega na sufuria ya mboga: kisamvu kilichotiwa dagaa. Mama alikuwa amewaomba wapishi mapema wanipakulie kisamvu kabla dagaa hawajaingia. Mmoja aliguna, mwingine akacheka, na ulipofika wakati wa kula hakuna aliyekumbuka, au hakuna aliyetaka kukumbuka. Nilikaa mbele ya sinia la watoto mikono yangu ikiwa magotini. Polepole mazungumzo yakapungua. Watu wakaanza kunitazama, kisha wakamtazama mama, kisha wakamtazama Mjomba.

"Kwa nini mtoto hali?" aliuliza mzee mmoja, kwa sauti iliyofika kila upande.

"Hawezi samaki," mama alijibu. "Wanamdhuru."

"Dagaa wadogo hivi wanamdhuru mtoto mkubwa hivi?" Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Mjomba alisimama. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akamega tonge, akalichovya kwenye mboga. "Dada," alimwambia mama bila kugeuka, "mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwili hufundishwa." Kisha akaniambia mimi, kwa upole ambao sijausahau, "Fungua, mama yangu. Ni mkono wangu huu. Mkono wangu unaweza kukudhuru?"

Mama alisema, "Kaka, nakuomba." Alisema mara moja tu. Mbele ya watu wote wale hakuweza kumshika kaka yake mkono. Nami nilikuwa mtoto niliyefunzwa adabu, mjomba hakataliwi. Nikafungua kinywa.

Kwanza ulikuja mwasho nyuma ya ulimi, kama nimemeza manyoya. Kisha masikio yakawaka moto. Nilimtafuta mama kwa macho lakini macho nayo yalikuwa yanajifunga. Nakumbuka sauti ya pumzi yangu, mluzi mwembamba uliotoka mahali ambapo sikupajua ndani yangu, na nakumbuka kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha kabisa. Mtu mmoja alipiga kelele, "Anakufa!" Hapo nilinyanyuliwa. Alikuwa Mjomba. Alinipakia mbele yake juu ya bomba la baiskeli, akanifunga kwa shuka kifuani pake, akaanza kukanyaga kuelekea zahanati, mama akikimbia nyuma mpaka nikaacha kusikia miguu yake.

Njia ile ni ya mchanga mwingi na baiskeli hulewa kama mtu. Katikati ya mikorosho tulisikia ndege. Siku hizo ndege ya Wareno ikisikika kila mtu alijua la kufanya: kujitupa chini ya mti na kutulia. Watu waliokuwa njiani walijitupa, wakamwita, "Lala! Lala wewe!" Mjomba hakulala. Niliusikia moyo wake mgongoni mwangu ukipiga kwa nguvu kuliko mlio wa ile ndege, na midomo yake juu ya kichwa changu ikisema kwa Kimakonde maneno ya kuwaomba wazee wa ukoo waliokufa wasinipokee. Ndege ilipita. Sijui ilikwenda wapi, na siku ile hatukuuliza.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Moshi, mwenye Kiswahili kilichonyooka na mikono isiyotetemeka. Alinichoma sindano, akanikalisha nimeegemea ukuta, akasikiliza kifua changu. Mluzi ulikonda, ukaisha. Mama alipowasili, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini, alinikuta nimelala usingizi wa kawaida na Mjomba amekaa sakafuni nje ya mlango, kofia mkononi.

"Mmempa nini?" muuguzi aliuliza.

Mjomba ndiye aliyejibu. "Samaki. Nimempa mimi."

"Basi sikiliza, baba. Huyu si mtoto wa deko. Samaki kwake ni sumu. Mkimpa tena huenda msinikute, au mkanikuta dawa imekwisha. Na nyama na mayai msimjaribu. Mlisheni vya shambani." Akamgeukia mama. "Lakini vya shambani si muhogo mtupu. Mtoto hakui kwa muhogo."

Ungedhani hatari ilikwisha hapo. Kwangu mimi ndipo ilipobadili sura. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama sasa alishtuka kwa kila kitu. Alininyima maharage kwa sababu hakujua yalihifadhiwa kwenye gunia la nini. Alininyima karanga za majirani, mlenda wa majirani, hata maji ya mtungi wa majirani. Nikabaki na muhogo na uji, uji na muhogo. Kufikia korosho za mwisho kuanguka, nywele zangu zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, tumbo limetangulia, na nyayo zimevimba kiasi kwamba kidole kikizibonyeza kinaacha shimo. Mama alinibonyeza kila asubuhi, akatazama lile shimo, akaondoka akiwa amejifunika kanga usoni.

Aliyetusaidia hakuwa mtu wa kwetu, au niseme alikuwa wa kwetu wa upande wa pili. Mama Atanasi alivuka Ruvuma akiwa na watoto na sufuria moja, akapewa kibanda mwisho wa mstari wetu. Lugha yetu ilikuwa moja. Siku moja alisimama mlangoni na kikapu, akasema, "Mama Somoe, sisi kule tumekaa porini mvua nzima bila samaki wala kuku, watoto wamepona. Njoo nikuonyeshe." Kikapuni mlikuwa na ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyochimbwa kwa subira. Mama alitikisa kichwa. Mama Atanasi hakubishana. Alivichemsha mbele yetu, katika chungu chetu, kwa maji yetu, akala cha kwanza. Kisha akasema, "Leo mguse mdomo tu. Kesho alambe. Kesho kutwa ale." Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndivyo tulivyoanza. Kitu kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa zamu yake, mdomo, ulimi, tonge. Ming'oko ikapita. Kunde zikapita. Mbaazi kavu zilizobaki zikapita, na njugu mawe, na ulezi, na majani ya maboga. Siku za kuonja, Mjomba alikuja asubuhi bila kuitwa, akaegemeza baiskeli mlangoni, magurudumu yamejazwa upepo, akakaa nje mpaka jua liwe juu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Yeye na mama walikuwa hawajazungumza tangu zahanati zaidi ya salamu. Majirani waliomwona pale, kiongozi wao amekaa kulinda chungu cha mtoto, waliacha kusema maneno ya usiku.

Kisha ikaja korosho, na karibu ituvunje. Niliokota moja iliyobanguliwa vibaya kutoka kwenye jivu, nikaipasua kwa meno kabla ya kuonjeshwa. Midomo ikaungua, ikatoa malengelenge. Mama aliponiona alipiga yowe la msibani, na Mjomba alikuwa amekwisha kunipakia kwenye baiskeli Mama Atanasi alipofika akanishika kidevu. Alinitazama, akanifungua kinywa, akasikiliza pumzi.

"Anapumua vizuri. Huu ni utomvu wa ganda," alisema. "Hata wewe, Mjomba, hukuungua utotoni?"

Mjomba aliniteremsha kwenye baiskeli. Kisha akafunua mdomo wake wa chini, akatuonyesha kovu dogo jeupe. Mama alilitazama kovu lile la kaka yake, akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, na wote wawili wakalia palepale barabarani wameshikana mabega. Siku chache baadaye nilionjeshwa korosho iliyobanguliwa vizuri, mdomo, ulimi, kokwa. Ilipita. Mama akaanza kuitwanga na kuikamua tui, akalitia kwenye kunde na kisamvu. Mvua zilipokolea, shimo la kidole kwenye nyayo zangu lilikuwa limeanza kujaa lenyewe.

Sasa nina wajukuu, na ninaishi Masasi mjini. Ugonjwa wangu una jina, wanauita aleji, na katika mkoba wangu nina dawa ambayo muuguzi yule angeifurahia. Mama na Mjomba wamelala Newala. Mwaka jana nilikwenda arusini Tandahimba, nikakaa karibu na binti mmoja msomi aliyesukuma pilau ya nyama pembeni, akaomba kunde na mboga za majani. Mpishi alimpakulia bila neno, hakuna aliyegeuka kutazama. Binti akaniona nami nina sahani kama yake, akafurahi, akaniambia ameacha nyama kwa hiari, kwa ajili ya afya, na kwamba sasa vijana wengi wanafanya hivyo.

"Na wewe, bibi, uliacha lini?" aliniuliza.

Nilitaka kumwambia kwamba sikuacha, kwamba kila kilichokuwa kwenye sahani ile kiliwahi kuwekwa mdomoni mwangu mtu mwingine akiwa ameshikilia pumzi yake. Lakini muziki ulikuwa juu, na yeye alikuwa anakula kwa raha, bila kumtazama mtu yeyote. Nilimsogezea bakuli la kunde, nikamwambia aongeze.