Mkono wa Kushoto wa Mpima Pamba

Mpima pamba wa chama cha ushirika kilicho nje kidogo ya Bariadi huanza na mkono wa kushoto, mzani hufuata baadaye. Huuzamisha kwenye furushi mpaka kiwikoni, hufumba macho, huguna kama mtu anayeonja mchuzi, kisha hukutajia dhambi zako: umetia mchanga, au umemwagia maji ili uzito uongezeke. Msimu uliopita mkono huo ulikufa ganzi. Saratani ya utumbo mpana, ambayo wote walidhani imeishia kwenye kisu cha daktari, kumbe ilikuwa imepanda kichwani. Akapigwa mionzi Mwanza, akarudi amevaa kofia ya sufu kwenye jua la Julai, akisema nywele zake ziko likizo. Daktari alisema uvimbe umenywea. Kuhusu mkono hakuahidi kitu.

Siku ya kwanza ya mpima pamba kurudi kazini, karani Kija, mtoto wa kaka yake, hakuandika hata neno. Alikuwa anautazama mkono tu. Maganga, shemeji yake mkulima, akatua furushi, mkono ukazama, macho yakafumbwa. Halafu mpima pamba akaguna.

“Shemeji, hii pamba imeoga asubuhi hii.”

Kija akapiga kigelegele, kalamu ikamtoka.

“Nimeimwagia makusudi,” Maganga akasema huku akicheka. “Nilitaka kujua kama umepona.”

“Asante, shemeji. Na ile ya mwaka juzi, ulitaka kujua nini?”