Koplo Aliyetaka Kuwaongoza Wenye Majembe

Niliporudi kijijini kwetu, kusini mwa Shinyanga, nilikuwa na viatu vya jeshi, cheo cha koplo, na imani kwamba watu wote walikuwa wakinisubiri. Nilikuta wanalima.

Kwa bahati nafasi ilikuwa wazi. Nsumba ntale wetu, yaani mkuu wa vijana, alikuwa amekimbilia Geita kutafuta dhahabu. Nieleze kidogo kwa asiyejua: kwetu vijana hulima pamoja shamba la yeyote anayewaita, naye huwapa mbuzi au fahali. Nsumba ntale huwapanga kazini, huamua ugomvi wao na hugawa nyama. Mtemi hamteui, vijana wenyewe humchagua. Sikuwahi kutamani cheo chochote kama nilivyotamani hicho, hata ukoplo wenyewe.

Mshindani wangu alikuwa mpiga ngoma mmoja mcheshi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Isaka kutazama treni. Nilimwonea huruma.

Vijana waliamua kila mmoja wetu aongoze asubuhi moja katika shamba la mjane jirani. Nikaanza mimi. Niliwapanga kwa urefu kama kwenye gwaride, warefu kulia, wafupi kushoto.

"Jembe juu! Jembe chini!"

"Afande," mpiga ngoma akaniita, "na ngoma niiweke wapi?"

"Jeshini hatufanyi kazi kwa ngoma."

"Kumbe jeshini mnalima?"

Walicheka mpaka jembe juu likachelewa kuja chini.

Jua lilipopanda, warefu walikuwa mbali mbele, wafupi wamebaki nyuma wakihema, na mstari wangu ulikuwa umepinda kama pembe ya ng'ombe. Mimi nilitembea nyuma yao, jembe begani na mkono mmoja mgongoni, kama sajini wangu alivyokuwa akitembea nyuma yetu. Mjane akaniletea maji.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mayu. Nasimamia."

"Ee, simamia tu, baba. Ila hapa anayeongoza ndiye hukata udongo wa kwanza. Au hilo jembe umekuja kulitembeza?"

Kesho yake mpiga ngoma alimwachia mwenzake ngoma, akashika jembe, akakata udongo wa kwanza. Kila mchovu alimweka katikati ya wawili wenye nguvu, wapate kumvuta kwa mwendo wao. Mstari ulikwenda sawa mpaka mwisho wa shamba, nyimbo juu. Nilikuwa bado natafuta kosa la kumsahihisha walipomchagua.

Watu huniuliza kama askari anafaa kutawala. Huwajibu polepole, kwa sababu swali ni zuri na mwulizaji mara nyingi ana mtoto jeshini. Anaweza kufaa, nawaambia, msimkatishe tamaa. Jeshi lilinifundisha kuamka alfajiri, kuvumilia njaa na kutii. Mawili ya kwanza kila mkulima kijijini aliyajua bila kulipwa mshahara. La tatu ndilo nililowazidi, nalo halimsaidii sana anayetaka kuamrisha.

Lakini lilinisaidia asubuhi ile ile, tulipoanza mstari wa pili. Mkuu mpya alitazama mikono yangu, laini kama ya bibi arusi, akanionyesha nafasi kati ya dada wawili waliokuwa wakilima kana kwamba udongo umewatukana.

"Koplo, pale katikati."

Kila mtu alijua maana ya kuwekwa katikati.

"Ndiyo, afande," nikasema, nikainama kuvua viatu.