Sinema ya Majivu

Harufu ya majivu ya kuni ikinigonga mu pua, mi naona kwanza mikono ya koko yangu, mama ya mama. Alichuja majivu polepole sawa unga ya sikukuu, kisha akachanganya na maharagi ya mbegu. "Majivu ni polisi ya maharagi," alisema. "Mududu akiiona anageuza njia." Siku moja nilifikiri ni unga kweli, nikalamba. Nilikohoa mpaka mbuzi ya jirani ikaja kuniangalia. Hiyo haina kazi na habari yangu ya leo, lakini munivumilie. Niliacha masomo mu troisième primaire, mwaka wa tatu tu, hakuna mwalimu aliyepata wakati wa kunifundisha kufika mbio ku maana ya habari.

Koko alipokufa, kazi ya majivu ikabaki kwa mama. Kila mwaka, kwetu Nyakasanza, hapa Bunia, alijaza kitunga moja ya mbegu, akaifunika na jani ya mugomba, akaifunga na kamba. Mvua ya kwanza ikianguka, baba ndiye anaifungua. Ilikuwa desturi: mukono ya baba inafungua, mukono ya mama inapanda. Mwanamuke akifungua yeye mwenyewe, ni sawa ametangaza kwamba hana bwana tena.

Basi mwaka ule baba alienda mbali, Nia-Nia, kuuza chumvi na samaki kavu. Alisema juma mbili. Mvua ya kwanza ikaanguka, ya pili, ya tatu. Ba jirani walikuwa wanapalilia, shamba yetu ilikuwa inazaa nyasi. Siye batoto wane tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, kesho sombe ile ile. Mama anaangalia kitunga, anaangalia barabara, anarudia kutwanga.

Siku ya Mungu, kisha misa, tulikimbilia depo ya kahawa, ghala kubwa kule mutaa ya Saio, kuona sinema ya Papa Kambale. Huyo alikuwa mutu wa Butembo, tumbo mbele, maneno mengi. Masini yake ya sinema alikuwa anaipandisha ku ba kamio, malori ya bachuuzi, anaonyesha sinema mpaka Nia-Nia, kisha anarudia Bunia. Madirisha ilizibwa na magunia, yote ilinuka kahawa na mafuta ya masini. Sinema ilikuwa ya Kiingereza. Yeye alisimama karibu ya shuka nyeupe na fimbo yake, akitutafsiria. Aliapa Kiingereza alijifunza Uganda.

Siku ile alinishika bega ku mulango. "Weye, mutoto ya Mama Furaha. Mama yako iko wapi?"

"Iko nyumba. Anachunga kitunga ya mbegu. Anangojea baba."

Akatikisa kichwa, akaniingiza.

Sinema ilikuwa ya watu waliobaki kisha bombi atomiki kupasuka. Wanasema mawe ya kutengeneza bombi zile ilitoka inchi yetu, kule Katanga. Mi sikuenda kuangalia. "Hii si ile ya kupasua mawe ya barabara," Kambale alitueleza. "Moja tu! Bunia yote, watu na ng'ombe: puuu!" Tukaona moshi sawa uyoga kubwa. Kisha majivu ikaanza kuanguka, ku manyumba, mu visima, mu nywele ya batoto.

Mama moja nyuma yangu akapiga mikono. "Majivu yote ile! Hawa, maharagi yao haitatobolewa mpaka mwisho wa dunia!"

"Mama, hii ndiyo mwisho wa dunia yenyewe!" Kambale alijibu.

"Basi, si nimesema?"

Depo yote ikacheka. Mi sikucheka. Sababu mu sinema kulikuwa bwana moja, alivaa koti yake ndefu, akabeba mufuko, akatoka kutafuta kwenye watu wangali wanaishi. Bibi yake alibaki ku mulango, anashika chupa ya mbegu. Yule bwana anatembea, anakuwa mudogo, mudogo. Nikasimama.

"Papa Kambale, atarudia?"

"Kaa chini!" watu wakalalamika. Lakini Kambale, mutu mwenye alisemaka hata watu wa sinema wakilala, alishusha fimbo chini. Kisha akaweka fimbo ku uso ya yule bibi.

"Musikie anasema nini. Anasema: 'Macho yangu siwezi kuipanda ku barabara, haitaota. Nitapanda mbegu. Mwenye atarudia atakuta chakula. Asiporudia, batoto watakula.'" Akanigeukia. "Umeshika? Umwambie mama yako vile vile."

Nikakimbia. Mama alikuwa anatwanga. Nikamwambia yote.

"Nani alisema?"

"Mama wa sinema."

"Na Kambale, aliposema, aliangalia nani?"

"Mi."

Mutwangio ukasimama. Mama akaenda ku kitunga, akakata kamba na meno. Majivu ikamuruka ku uso. Akasema machozi ni ya majivu, na mi, mwenye niliwahi kuilamba, niliamini kabisa. Kesho yake asubui tulipanda, na mwaka ule hatukulala njaa.

Nilikuwa na batoto wangu mwenyewe ndipo mama aliniambia. Kambale alikutana na baba kule Nia-Nia. Baba hakuwa mugonjwa, hakuwa mufungwa. Alikuwa anapalilia maharagi mu shamba ya mwanamuke mwingine. Kambale alishindwa kuleta habari ile mulangoni petu.

Kisha vita ilitupitia na siye, na mi niliona majivu yenye hakuna mutu wa kuichekea. Tuliporudia ku viwanja vyetu, kabla ya mabati nilitafuta mbegu.

Mwezi uliopita mujukuu wangu, mwenye anasoma Kiingereza ku université, alinitafutia sinema ile mu telefone. Sinema ilipofika penye yule bibi anabaki ku mulango, nikamwambia, "Sasa unitafsirie huyu mama anasema nini."

Akaweka telefone ku sikio. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Koko, hasemi kitu. Angalia, kinywa imefungwa. Ni upepo tu."

Akataka kuzima. Nikamushika mukono. Mu kioo ile ndogo bwana wa koti alikuwa angali anaenda, na mi nilimuangalia mugongo vizuri, mara hii bila kuuliza mutu. Hakuwa na haraka. Akafika penye barabara inapinda, akahamisha mufuko ku bega ingine, akaenda.