Fundi Aliyepimwa Akiwa na Miaka Hamsini na Moja

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu yameanza tangu alfajiri, na kwenye karakana ya kushona sare cherehani bado zimefunikwa. Mafundi wamevuta viti karibu. Anayewasomea ni mwenzao, mama wa miaka hamsini na moja wanayemwita Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haimtoki shingoni.

Anasoma riwaya aliyoiandika mwenyewe. Kila asubuhi sura moja, kisha kazi.

Leo kuna msikilizaji mgeni. Mumewe, fundi wa makufuli, amekaa kando ya meza ya pasi, kofia mapajani. Mkewe ndiye aliyemwita.

"Akisema hapana, kitabu hakiendi kwa mchapaji," amesema kabla ya kuanza. "Siwezi kumvizia mtu ninayelala naye."

Riwaya ilizaliwa kutokana na kosa. Miaka yote ya ndoa, Mama Futi alijishonea nguo kwa vipimo vya gauni lake la harusi. Zikibana, anafumua pembeni.

"Nimepima nusu ya mji huu. Mimi mwenyewe, wapi!" anasema.

Siku moja shoga yake wa cherehani ya jirani akamnyang'anya futi. "Hebu simama wima, bibi harusi!"

Futi ilipomzunguka kiunoni, alitetemeka.

"Niligundua mwili huu bado upo, na bado unatamani. Nililia. Kisha nikasali: Mungu wangu, kumbe uliniumba mzima."

Sura ya leo ni mchana wa Jumapili, watoto wametoka. Mwanamke wa riwayani ananyoosha mkono afunge pazia, kisha analiacha. Anaushika mkono wa mumewe, anauweka anapotaka yeye. "Hapa," anamwambia. "Polepole." Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, haigizi chochote.

Mafundi wanasogeza viti karibu zaidi. Hata mkata vitambaa, ambaye hucheka mpaka misibani, ameinama mbele asipitwe na neno.

Mume anakohoa. "Huyo mwanamume ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi sijawahi kuwa hivyo, mke wangu."

"Hukuwahi kuambiwa. Nilinyamaza."

"Shemeji, kazi kwako!" anadakia shoga, na wote wanaangua kicheko.

Mume hacheki. Anaizungusha kofia mikononi.

"Miaka yote hii nilidhani umenichoka."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye umenichoka."

Manyunyu yanasikika juu ya bati. Mume anasimama, anamwendea mkewe, anamvua futi shingoni taratibu na kuiweka mezani. Kisha anawageukia mafundi.

"Nyinyi ni mashahidi. Kitabu kiende, na jina la mke wangu liandikwe kubwa. Na mimi naahidi mbele yenu: kuanzia leo nitamuuliza. Sitakisia tena."