Betri Inayokufa na Mlinzi wa Getini

Juzi nilikuwa gereji moja pale Utemini, mtoto mgongoni, nikisubiri jiko langu lichomelewe. Kijana mmoja alifika na gari lake, pamoja na mzee anayemlindia nyumba.

"Betri inalala nzima, asubuhi imekufa," alimwambia fundi. "Huyu anachajia watu simu humo ndani. Ukithibitisha, leo hii anarudi kwao Ilongero."

Mzee alisema tu, "Funguo unalala nazo wewe."

Waya wa chaji ulichungulia mfukoni mwake, nami nikamshuku.

Fundi alizima kila kitu, akachomoa waya mmoja wa betri na kuunganisha taa ya kupimia kati ya waya huo na betri. Ikawaka, ishara kwamba kuna kitu bado kinakula umeme. Akachomoa fyuzi mojamoja, na ya redio ilipotoka, taa ikazimika.

"Umeme unavujia hapa. Redio hii nani aliifunga?"

"Mimi mwenyewe," kijana alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia mlinzi wake. "Shikamoo, mzee."

Walikuwa pamoja tangu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu," mzee aliitikia, akaenda kumshikia fundi boneti.

Wapo watu ambao neno samahani huwashinda, nao hulipitisha kwenye salamu. Mimi niliyemshuku mzee kimoyomoyo, aliporudi nilimpisha tu kwenye benchi, akae.